Wapimaji wa Urembo: Mwili wa Mwanamke katika Nchi ya Chai

Kipimo cha urembo wa mwanamke huwekwa na mwenye kitu cha kumpa yule atakayekifikia. Anayetoa mahari, anayebatiza, anayeandika watu kazi, anayesajili wanafunzi, anayeuza krimu na anayemiliki mtandao wa picha, kila mmoja ana sura ya mwanamke anayemtaka. Kila mmoja pia ana zawadi ya kumvutia na adhabu ya kumtishia. Zawadi ikibadilika, kipimo nacho hubadilika, wakati mwingine ndani ya kizazi kimoja.

Mogogosiek ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili. Ni mji mdogo na wadi katika eneo bunge la Konoin, Kaunti ya Bomet, kwenye nyanda za juu zinazopakana na Kericho. Wenyeji wengi ni Wakipsigis, mojawapo ya jamii za Wakalenjin, na riziki yao hutokana na majani chai na maziwa. Mabadiliko yaliyochukua karne kadhaa kwingineko yamepita hapa katika maisha ya nyanya, mama, binti na mjukuu, na athari za kila awamu bado zinaonekana kwenye miili ya walio hai.

Ukoo na mahari

Kabla ya misheni na mashamba ya walowezi, mwili wa msichana wa Kipsigis ulitengenezwa kwa hatua. Masikio yalitobolewa, kisha matundu yakapanuliwa polepole kwa vijiti hadi ndewe zikaning'inia na kubeba mapambo. Meno mawili ya mbele ya taya la chini yaling'olewa. Kichwa kilinyolewa, ngozi ikapakwa mafuta ing'ae, na mavazi yalikuwa ya ngozi iliyolainishwa. Mwanamke aliyezaa alijulikana pia kwa legetiet, mshipi wa ngozi ulioshonewa shanga na kauri zilizofika bara kwa biashara ya kutoka pwani. Mshipi huo ulikuwa pambo, lakini ulikuwa pia alama ya heshima ya uzazi, na jamii nzima iliuogopa na kuuenzi.

Mwili uliosifiwa ulikuwa wenye nyama kiasi na nguvu. Jamii ya wafugaji ilisoma afya ya boma kwenye afya ya wanawake wake: aliyekunywa mursik ya kutosha, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, alionekana katoka kwenye boma lenye ng'ombe. Wasichana waliokuwa wametengwa baada ya unyago wao walilishwa vyema, nao walitarajiwa watoke wakiwa wamenawiri. Wazee waliokwenda kuposa hawakuishia kwenye sura. Waliuliza ukoo, tabia, na kama mikono ya msichana inajua jembe, mtungi na ndama. Urembo ulikuwa hesabu ya pamoja ya mwili, kazi na nasaba, na ng'ombe wa mahari ndio waliokuwa thamani ya hesabu hiyo.

Ndani ya utaratibu huo ndimo ulimokuwa ukeketaji. Ulielezwa kuwa ndio unaomtoa msichana utotoni na kumfanya astahili kuolewa. Asiyepitia aliitwa mtoto hata akiwa na umri wa kuzaa. Waliokata walikuwa wanawake, waliofundisha walikuwa wanawake, na waliocheka walioogopa walikuwa wanawake pia. Jambo hili huwatatiza wanaotafuta mkosaji mmoja. Mama aliyempeleka bintiye alikuwa akimnunulia nafasi katika soko la ndoa ambalo funguo zake zilishikwa na koo za wanaume. Kipimo kilisimamiwa na wanawake, lakini zawadi yake ilitoka kwa waume na wakwe.

Zawadi hiyo ilipopungua, desturi nayo ilianza kupungua. Sheria ya mwaka 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji iliongeza adhabu, lakini safari ilikuwa imeanza mapema, kwa njia ya shule, makanisa na wazazi waliokataa. Takwimu za afya za taifa zinaonyesha kwamba mwaka 1998 asilimia 38 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa; mwaka 2014 ilikuwa asilimia 21, na mwaka 2022 asilimia 15.

Kanisa na shule

Wamisionari Wamarekani walifika katika nchi ya Wakipsigis mwanzoni mwa karne ya 20. Willis Hotchkiss alianzisha misheni Lumbwa; Africa Inland Mission ikajenga kituo Litein; na World Gospel Mission ikaanzisha Tenwek, karibu na mji wa Bomet, ambako zahanati ya miaka ya 1930 ilikua ikawa hospitali kubwa. World Gospel Mission ilitoka katika mapokeo ya Kiprotestanti yanayosisitiza utakatifu, na utakatifu huo ulipaswa kuonekana kwa macho. Mwanamke aliyeokoka alitambulikana kwa gauni lililofunika magoti, kitambaa kichwani, na masikio yasiyo na pambo.

Kwa hiyo ndewe zilizokuwa fahari zikageuka kuwa alama ya upagani, na wapo waliokwenda hospitali kushonwa masikio ili wafanane na waumini wenzao. Mwili uleule, bila kuongezewa wala kupunguziwa kitu, ulikuwa umehama kutoka upande wa uzuri hadi upande wa aibu. Zawadi mpya zilikuwa ubatizo, ndoa ya kanisani, matibabu, na kusoma. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliongeza sauti yake kupitia Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa 1952, ambacho vikundi vyake vilifundisha usafi, ushonaji na utunzaji wa nyumba. Mke bora alikuwa sasa msafi na nadhifu, mwenye gauni lililopigwa pasi na kitambaa cha meza alichofuma mwenyewe.

Hata hivyo, vitu vya kigeni havikupokelewa kama vilivyoletwa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyefanya kazi Afrika Kusini, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet, si mbali na Mogogosiek, wakimwimba kiumbe waliyemwita Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kijijini pamoja na gramafoni. Wasichana hawakuwa wamemwona, na sauti ile ya ajabu waliipa mwili wao wenyewe: nusu mtu, nusu swala. Walioletewa sauti kutoka nje ndio walioamua sura yake. Jambo hilo linafaa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba wasichana wa kijijini hunakili tu wanachooneshwa.

Shule ilirithi kazi ya misheni na kuifanya sheria. Katika shule nyingi za umma za Kenya, msichana hunyolewa nywele zikawa fupi sawa na za mvulana, na sare hufuata urefu uliowekwa. Sababu zinazotajwa ni usafi, usawa kati ya tajiri na maskini, na kuzuia wasichana wasipoteze muda. Kanuni hizo zimewahi kufika mahakamani: Septemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba msichana wa imani ya Kirasta aliyezuiwa kuingia shule moja ya sekondari Nairobi kwa sababu ya rasta zake ana haki ya kusoma akiwa nazo. Kwa wengi wasio na sababu ya kidini, mkasi unaendelea. Matokeo yake ni kwamba nywele huwa tuzo ya kumaliza shule. Wiki chache baada ya mtihani wa kidato cha nne, msichana aliyeishi miaka minne na kichwa kifupi hukaa saa tano mfululizo akisukwa, na utu uzima wake huanzia kwenye kiti cha saluni.

Majani chai na pesa za mkononi

Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kilimo kikubwa cha chai Kericho katikati ya miaka ya 1920. Baada ya uhuru wakulima wadogo waliingia kupitia KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo lililoundwa 1964, na Mogogosiek ikapata kiwanda chake kinachopokea majani ya mashamba ya jirani. Malipo huja kwa sehemu mbili: ya kila mwezi kwa kilo zilizopelekwa kwenye kituo cha kununulia, na bonasi ya mwisho wa mwaka wa mauzo. Msimu wa bonasi ndio msimu wa wachuuzi: mitumba, viatu, mikoba, wigi na vipodozi hufuata pesa hadi vijijini. Ni kweli kwamba mara nyingi nambari ya mkulima huandikwa kwa jina la mume huku anayechuma akiwa mke, na mvutano huo huamua nani hasa atakayekwenda saluni.

Kazi yenyewe ina alama zake. Mchumaji hukata majani mawili na kichipukizi, maelfu kwa maelfu kwa siku, na utomvu wa jani bichi huacha weusi kwenye vidole usiotoka kwa kuosha mara moja. Asubuhi huwa na baridi na umande, mchana jua la mwinuko hupiga uso. Ngozi hukauka na kupasuka. Dawa iliyozoeleka ni mafuta mazito, na maarufu kuliko yote ni Arimis, jeli iliyotengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua. Kopo lake lina picha ya ng'ombe, na katika nyumba nyingi jeli hiyo hupakwa ng'ombe zizini, kisha watoto kabla ya kwenda shule, kisha mama mwenyewe. Ngozi inayong'aa kwa mafuta bado ni dalili ya kutunzwa, kama ilivyokuwa wakati wa mavazi ya ngozi.

Soko la vipodozi lilileta kipimo kingine: rangi. Kwa jambo hili Kericho ina uhusiano wa pekee na biashara ya dunia. Mwaka 1984 Unilever iliinunua Brooke Bond, ikawa mmiliki wa mashamba makubwa ya chai ya eneo hilo hadi ilipouza biashara yake ya chai mwaka 2022. Unilever hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiuza Fair & Lovely, krimu ya kung'arisha ngozi iliyozinduliwa India 1975 na kubadilishwa jina mwaka 2020 baada ya lawama kali; na ndiyo iliyoanzisha mwaka 2004 matangazo ya sabuni ya Dove yaliyowaambia wanawake kwamba kila mwili ni mzuri. Kampuni moja iliweza kulipa mshahara wa mchumaji, kumuuzia mafuta ya kujipaka, kuuza mahali pengine ahadi ya weupe, na kuuza faraja dhidi ya ahadi hiyo.

Krimu hatari zaidi hazitoki kwenye kampuni za namna hiyo. Tangu 1998 Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni, na Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) huviondoa sokoni kila mara, lakini hurudi kwa njia za magendo na vifungashio visivyotaja kilichomo. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake na huumiza figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta madoa ya bluu-nyeusi, yaani kinyume cha kilichotafutwa. Krimu za steroidi, ambazo ni dawa za magonjwa ya ngozi, huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikapata michirizi na kupona vibaya inapokatwa. Anayejichubua mara nyingi hujulikana kwa viungo vya vidole: uso hubadilika, lakini vifundo vya vidole hubaki vyeusi. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki zilikubaliana kwamba ifikapo 2025 vipodozi vyote vyenye zebaki visitengenezwe wala kuuzwa nje ya nchi.

Dola na vijana wa stendi

Serikali za Afrika Mashariki nazo zimeuvalia njuga mwili wa mwanamke. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, wigi na vipodozi vya kujichubua nchini Tanzania kuanzia Januari 1969, kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Uganda ya Idi Amin ilifuata kwa amri yake dhidi ya mini mwaka 1972. Suti na tai za wanaume, ambazo pia zilitoka Ulaya, hazikupigwa marufuku kwa ukali huo. Mzigo wa kuonyesha utamaduni uliwekwa kwenye magoti ya wanawake.

Nchini Kenya adhabu ilitoka zaidi kwa umati kuliko kwa amri. Novemba 2014, baada ya mwanamke mmoja kuvuliwa nguo na wanaume kwenye kituo cha matatu Nairobi kwa madai kwamba amevaa vibaya, mamia waliandamana wakidai haki ya kuchagua mavazi. Mwezi uliofuata Bunge liliongeza kwenye Kanuni ya Adhabu kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu, lenye kifungo kisichopungua miaka 10. Sheria hiyo haikusema mwanamke avae nini. Ilichofanya ni kumnyima kondakta na kijana wa stendi cheo cha mpimaji.

Unene, wembamba na hofu

Ushawishi wa picha kutoka mbali umepimwa kwa makini mahali pachache. Katika visiwa vya Fiji, ambako wanawake wenye mwili mkubwa walisifiwa, daktari Anne Becker alilinganisha wasichana wa shule wa eneo la Nadroga mwaka 1995, televisheni ilipokuwa imeingia wiki chache tu, na mwaka 1998. Walioonyesha dalili za ulaji wenye matatizo waliongezeka kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2, na waliokiri kujitapisha ili wapungue walitoka sifuri hadi asilimia 11.3. Nchini Nikaragua, Lynda Boothroyd na wenzake waliona kwamba wanakijiji waliotazama televisheni zaidi walipendelea miili myembamba zaidi.

Afrika Mashariki haikufuata njia hiyo moja kwa moja, kwa sababu wembamba hapa ulikuwa na maana nyingine. UKIMWI ulipojitokeza Uganda mapema miaka ya 1980, wananchi waliuita Slim, na madaktari wakaliandika jina hilo kwenye majarida ya tiba mwaka 1985. Kwa miongo miwili kukonda kulimaanisha kuugua. Mpaka leo mwanamke anayepungua ghafla kijijini huulizwa kama ni mzima, au kama kuna amani nyumbani, kwa kuwa kunona kwa mke huchukuliwa kuwa sifa ya mume. Njaa nayo ina sauti: utafiti wa Viren Swami na Martin Tovée uliochapishwa Uingereza mwaka 2006 ulionyesha kwamba hata wanafunzi wa kiume wenye njaa huvutiwa zaidi na wanawake wanene kidogo kuliko wanavyovutiwa wanaume walioshiba.

Kwa sababu hiyo kipimo kilichoshika kwenye simu za vijana wa Kenya ni cha mchanganyiko: kiuno chembamba, nyonga pana, uso laini usio na kinyweleo. Ni mwili ambao jembe na kikapu cha majani chai haviujengi, na ambao mara nyingi hutengenezwa na programu ya picha. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za Facebook zilizotolewa na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wake, zilionyesha kwamba watafiti wa kampuni hiyo walijua Instagram inazidisha kutoridhika na mwili kwa msichana mmoja kati ya watatu. Wakati huohuo uzito unaongezeka kwelikweli: takwimu za afya za 2022 zilikuta zaidi ya wanawake wanne kati ya kumi nchini wana uzito uliopita kiasi. Mwanamke wa leo huambiwa na mkwe kwamba amekonda, na daktari kwamba amenenepa, na simu kwamba amenenepa pasipotakiwa.

Picha hizohizo huweza kufanya kazi ya kuponya. Mwaka 2014 Lupita Nyong'o, Mkenya aliyekuwa akielekea kushinda Oscar, alisimulia jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu amwamshe akiwa na ngozi isiyo nyeusi sana, na jinsi kuonekana kwa mwanamitindo Alek Wek, mzaliwa wa Sudan Kusini, kulivyomfungua. Alisimulia pia barua ya msichana aliyeacha kununua krimu ya kujichubua baada ya kumwona yeye. Mwaka huohuo kampuni ya Lancôme ilimchukua awe sura ya bidhaa zake. Hata hivyo, Novemba 2017 jarida moja la Uingereza lilimweka kwenye jalada baada ya kufuta sehemu ya nywele zake za asili. Ngozi ilikuwa imekubaliwa. Nywele zilikuwa bado zinasubiri.

Mwili wa mbio na kiti cha saluni

Wakalenjin wana kipimo kingine ambacho jamii nyingi hazina: mwili wa mkimbiaji. Tangu Pamela Jelimo awe mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya Olimpiki, Beijing 2008, wasichana wa nyanda hizi wamekua wakiwaona wanawake wenye miguu myembamba na mabega makavu wakinunua mashamba, kujenga nyumba za wazazi na kulipia karo ndugu zao. Faith Kipyegon alishinda mbio za mita 1,500 mwaka 2016, akajifungua 2018, kisha akashinda tena Tokyo na Paris. Ushindi huo ulivunja kauli kwamba uzazi humaliza mwili. Wembamba wake hauitwi ugonjwa, kwa sababu umeleta mali. Kipimo hiki nacho kina gharama: msichana anayefanya mazoezi makali bila chakula cha kutosha huweza kukosa hedhi na kudhoofika mifupa.

Kati ya vipimo vyote hivi, mahali vinapojadiliwa kila siku ni saluni, chumba kimoja cha mabati au mawe kwenye barabara ya soko. Mteja huja na picha kwenye simu; msusi huitazama, hukitazama kichwa, kisha huanza kupunguza ndoto. Mtindo ule unataka pakiti nyingi za nywele. Ule mwingine utamvuta paji la uso. Huu utadumu wiki sita na hautaharibiwa na mvua ya kwenye shamba. Anayejiandaa kwa koito, sherehe ya kuposa na kujadili mahari, hupangiwa nywele, vipodozi na sare ya shanga kwa pamoja, na shangazi aliyemsindikiza husema wazi kipi kitawaudhi wazee wa upande wa pili. Hapo kanisa, mkwe, mfuko, mtandao na hali ya hewa hupatanishwa na mikono ya wanawake wawili.

Wanawake, basi, ni watekelezaji na wahariri wa vipimo, ilhali zawadi nyingi bado hugawiwa na wengine. Ndiyo maana mawaidha ya kujipenda peke yake huwa na nguvu ndogo. Mambo yaliyobadilisha vipimo katika nchi hii ya chai yanaweza kutajwa: shule iliyompa msichana njia isiyopita kwenye ndoa, sheria zilizoondoa adhabu mikononi mwa wakeketaji na wahuni, ukaguzi wa sumu madukani, na kipato kilichoandikwa kwa jina la mwanamke mwenyewe. Pale ambapo mwanamke ana riziki isiyotegemea kibali cha mpimaji mmoja, huweza kuchagua kipimo atakachokifuata na atakachokiacha. Pale ambapo hana, hupimwa na yeyote mwenye chakula chake.